Mti wa Nyuma ya Choo

Mama Miche aliwadharau watu wengi na hakulifanya jambo hilo siri. Aliwadharau wakulima waliomwagilia miche jua likiwa utosini. Aliwadharau wataalamu wa semina waliokuja na viatu vyeupe, wakauliza chai iko wapi kabla ya kuuliza shamba liko wapi. Aliwadharau majirani waliombandika jina hilo la Mama Miche kwa kumcheka, kwa kuwa hakujaliwa mtoto, wakidhani litamuuma. Yeye akalichukua jina lao, akalipaka rangi ya kijani na kulitundika kwenye lango la kitalu chake. Lakini dharau yake ya daraja la kwanza alimwekea mtu mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja, muuza dawa za miti pale sokoni, aliyejiita Tabibu na kutaka kila mtu amwite hivyo, hata mkewe.

Mama Miche hakumwita Tabibu. Alimbeba mgongoni bado anatokwa na kamasi, na mtu uliyemfuta kamasi huwezi kumpa cheo.

Baba yao ndiye aliyekuwa tabibu, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akijiita hivyo. Alikuwa akiwachukua wote wawili, binti na mdogo wake, wakapanda naye milimani kutafuta gome la mti mkali. Watu waliuita hivyo kwa sababu gome lake huwasha ulimi kama pilipili, na chai yake ilikuwa dawa ya kifua, tumbo na fizi. Mzee akifika penye mti alivua kofia na kusema: "Salamu, mkubwa. Tumekuja kuomba, hatukuja kuiba." Halafu alikata kipande upande jua linakochomoza, na kingine upande jua linakozama, kila kimoja upana wa kiganja. Kisha alikisiliba kidonda kwa udongo uliochanganywa na samadi. Mti ule haukuguswa tena mpaka gome liote na kufunga.

"Baba, mbona pande nyingine hukati?" binti aliuliza siku moja.

"Na wenyewe unakula, mwanangu. Chakula chake kinapita humo kwenye gome. Ukiuzungushia panga pande zote umeufunga koo."

Binti alilishika neno hilo. Mdogo wake wakati huo alikuwa akirusha mawe kwa nyani.

Mzee alipokufa, baba wadogo walikaa, wakala, wakakohoa, wakaamua kwamba mkoba wa dawa apewe mtoto wa kiume. Binti alipewa kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ambacho hakuna aliyekitaka, chenye choo katikati. Alisema ahsante kwa sauti iliyowafanya baba wadogo waangalie chini.

Basi mdogo mtu akawa Tabibu. Katika yote aliyofundishwa alibaki na salamu peke yake, maana salamu haina gharama. Aliiamkia miti kwa sauti nzuri, kofia mkononi. Akishaiamkia, alimpisha mwajiriwa wake, jitu moja lililoitwa Panga, naye Panga aliimenya kuanzia shinani hadi penye panda kama mtu anayemenya muhogo. Miti ikafa imesimama, kilima baada ya kilima, na Tabibu akiulizwa alisema ni mabadiliko ya hali ya hewa. Ikafika mahali ukabaki mti mkali mmoja tu wa porini uliokuwa ukizaa, ule wa jabalini, ambao baba yao aliupenda kuliko yote. Ulinusurika kwa kuwa njia yake ni ya kupanda kwa mikono na miguu, na Panga alikuwa mvivu.

Mama Miche alikuwa akipanda huko kila msimu kuokota matunda kabla nyani hawajayamaliza. Mbegu za mti huo ni kama maziwa mabichi. Hazina kesho, ukizilaza, zimelala moja kwa moja, hata uziweke ndani ya chupa na kuzifungia kabatini na kufuli. Ilibidi azioteshe zingali mbichi. Mche wake wa kwanza aliupanda nyuma ya choo, kwa vile ndiko kulikuwa na nafasi, nao ukastawi kwa sababu ambazo hazihitaji mtaalamu. Majirani walicheka. Mti ulipompita kimo walipunguza kucheka, na alipoanza kuchuma majani na kukata matawi ya kupogoa, akayakausha kivulini juu ya vichanja vya waya, walikuja mmoja mmoja kuomba mche, wakijifanya wamepita tu.

Sasa kulikuwa na kikundi. Kutoka bonde lao hadi mabonde ya ng'ambo, watu walipanda mti mkali kati ya mahindi na maharage yao, wakachuma majani, ambayo yana ukali ule ule, na mti ukabaki hai kuchumwa tena. Walikuwa na chumba cha kukaushia chenye feni, mizani na harufu ya kukufanya upige chafya toka barabarani, na lori la mnunuzi lilikuja lenyewe bila kubembelezwa. Lilikuwa zao, zao la mkoa mzima, na lote lilitoka kwenye mti ule mmoja wa jabalini. Ile iliyopandwa ilikuwa bado haijazaa. Mti mkali hauna haraka. Aupandaye kijana huuona ukitoa tunda akiwa na mvi. Wa jabalini ukifa kabla ya hapo, hakuna mbegu tena, na kila mti utakaokauka shambani hautapata wa kuurithi. Mama Miche aliliwaza jambo hilo kila alipofumba macho.

Tabibu naye aliwaza biashara. "Dawa haipandwi!" alihubiri pale mbele ya duka lake, mkoba wa baba begani. "Dawa hutafutwa. Hicho anachopanda dada yangu ni majani ya mbuzi!"

Wateja waliitikia kwa kichwa. Na nyuma ya duka, pale wasipoona, mkewe alikuwa akirudi kutoka mlango wa uani wa Mama Miche na gunia la gome la matawi yaliyopogolewa. Pori lilikuwa limekwisha, mume wake angeuza nini? Alilitundika gome juu ya moto likapata moshi, akalipaka masizi, akalinyunyizia ukoga alioukwangua kwenye mawe ya mtoni, na kufika asubuhi lilikuwa limezeeka na lina sura ya kutoka mwisho wa dunia. Wateja walilinunua, wakachemsha, wakapona, wakaja kushukuru kwamba kweli cha porini ni cha porini.

Mama Miche aliijua siri hiyo tangu siku alipoona viganja vyeusi vya wifi yake. Hakusema. Angeweza kusimama sokoni na kusema, lakini aliona raha kukaa na kicheko chake peke yake. Kila alipopita dukani na kumsikia mdogo wake akinguruma juu ya majani ya mbuzi, alijisemea debe tupu haliachi kuvuma, akaenda zake amechangamka kutwa.

Halafu Tabibu akaugua. Tumbo lilimkata, lilimkunja, likamlaza kitandani miguu imegusa kidevu. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa na rafu nzima ya dawa ya tumbo na hakutaka hata kuinusa. Mkewe alimchemshia kikombe, yeye akageuza uso ukutani.

Wifi alikuja kitaluni mbio, kanga imemvuka begani. "Wifi, njoo. Kaka yako—"

"Mdogo wangu."

"Mdogo wako, haya! Amemwita Panga. Anataka gome la mti wa jabalini. Amemwambia aumenye wote, alete magunia, ya kumponya yeye na ya kuuza."

Mama Miche aliangusha kopo la kumwagilia. Alifika chumbani kwa mdogo wake bado ana matope magotini. Chumba kilikuwa na kitanda kikubwa, kabati la kioo, na picha ya Tabibu mwenyewe ameshika mkoba, iliyokuzwa kuliko mtu. Panga alikuwa mlangoni amekaa juu ya ndoo, ananoa.

"Una dawa dukani," alisema Mama Miche. "Kwa nini hunywi?"

Tabibu alimwangalia kwa jicho moja. "Ile ni ya wateja."

"Ina nini?"

"Dada, usinichoshe. Ile umepanda wewe. Mimi naumwa kweli."

Alikaribia kucheka, akajibana. Mtu huyu alikuwa amewauzia watu gome la shambani miaka yote, akaona kwa macho yake wakipona, na bado alikuwa ameuamini uongo wake mwenyewe kuliko wateja walivyouamini. Mama Miche alimtazama pale alivyojikunja, na huruma aliyoitafuta moyoni hakuipata. Alichokuwa nacho ni hofu juu ya mti wa jabalini. Angeweza kusema pale pale, mbele ya mkewe na mbele ya Panga: dawa ni moja, mti ni mmoja, tumbo lako halijui mpaka wa pori na shamba. Ila alijua angebishiwa, na kumbishia mjinga ni kazi, na kulikuwa na njia nyepesi iliyomchekesha.

"Panga akae," alisema. "Nitapanda mimi. Huyu hata salamu haijui."

Neno la salamu lilimgusa mgonjwa. "Sawa," alinong'ona. "Uniombee kwa baba huko."

Mama Miche hakupanda popote. Alikwenda nyuma ya choo chake, akakata kipande mashariki na kipande magharibi kwenye ule mti wa kwanza, kwa mazoea, akasiliba vidonda. Akalitundika gome juu ya moto wake, akalipaka masizi ya sufuria, akakwangua ukoga kwenye pipa la maji ya mvua na kuunyunyizia. Alicheka mpaka ikabidi akae chini. Tabibu mkuu wa mapori anaponywa na choo! Aliiweka akiba hadithi hiyo kwa ajili ya mkutano wa kikundi, atakapoisimulia taratibu, huku kila mtu anamwona Tabibu atakavyobadilika rangi.

Tabibu alikunywa, akatokwa jasho, akalala. Baada ya siku chache alikuwa anadai supu na kugombana na mkewe, ndipo wote wakajua amepona.

Mkutano wa kikundi haukuwahi kufika. Asubuhi ya siku ya soko, Tabibu alipanda juu ya kreti la soda na kuvua kofia. "Ndugu zangu! Nilikuwa maiti! Mti wa baba yangu, mti wa jabalini, umenifufua! Si majani ya shambani, la! Ule pale!" Akanyoosha mkono, na soko zima likageuka kutazama jabali. Akawafundisha na salamu, bure, kwa moyo wa ukarimu.

Mama Miche alikuwa anahamisha miche alipoinua macho na kuona mstari wa watu kwenye njia ya jabalini. Walikuwa na visu, panga, mmoja ana tezo ya seremala. Mwanzoni hakuelewa. Alipoelewa aliacha mche umelala udongoni na mizizi juu, akakimbia.

Alikuta foleni, tena yenye adabu. Kila mtu alifika penye mti, akavua kofia au kushusha mtandio, akasema, "Salamu, mkubwa, tumekuja kuomba, hatukuja kuiba," kisha akakata kipande mashariki na kipande magharibi, upana wa kiganja, kama Mama Miche alivyowafundisha kitaluni. Lakini mashariki ya wa kwanza ilipokwisha, wa pili alisogea kidogo na kuanza yake. Kila aliyekuja alikuja na mashariki yake, na mashariki hizo zilikuwa zimeuzunguka mti na karibu zinakutana.

"Acheni!" alipiga kelele. "Haukumponya huu! Mimi ndiye niliyempelekea dawa, nimeikata nyuma ya choo changu! Nimeipaka masizi kwa mikono hii!"

Kikazuka kicheko. Fundi cherehani wa pale njia panda, mwanamke ambaye shamba lake zima lilikuwa na miche ya Mama Miche, alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Jamani, wivu. Mtu na mdogo wake! Hata kama hukupewa mkoba, mama, usiseme maneno ya choo mbele ya mti."

"Wewe umepanda mti huu huu kwako!"

"Ule ni wa kuuza," alisema fundi, akishangaa kuulizwa.

Mtu wa nyuma yake alimgusa Mama Miche bega kwa heshima. "Samahani, mama. Sogea kidogo, unanizibia."

Aliteremka, akaingia dukani kwa Tabibu, akamshika mkono mbele ya wateja. "Njoo uwaambie. Wanaumaliza mti wa baba. Dawa yako ilikuwa yangu."

Tabibu aliutazama mkono ule wenye udongo, akautazama umati. Halafu alitabasamu na kuweka kiganja kifuani. "Nakushukuru, dada, ulivyopanda jabali lile kwa ajili yangu. Mungu akulipe." Na wateja wakasema amina.

Jua lilipotua mti ulikuwa mweupe kuanzia shinani hadi pale mikono ya watu inapoishia. Mama Miche aliuzungushia udongo, samadi na magunia, akafunga kamba, akarudi kila asubuhi kuulowesha. Majani yaligeuka manjano, yakapukutika. Matunda yalidondoka mapema, madogo, mabichi. Alipasua moja kwa ukucha akakuta ndani maji tu, mbegu haijafanyika. Akapasua la pili, na la tatu, akaacha.

Siku hizo hakumdharau fundi cherehani wala Panga wala baba wadogo makaburini mwao. Dharau yote ilirudi nyumbani. Angeweza kuuokoa mti kwa sentensi moja kando ya kitanda cha mgonjwa, na hakuisema kwa sababu mzaha ulikuwa mtamu zaidi. Mchuma janga hula na wa kwao, alijiambia, na hakupata wa kumlaumu pamoja naye.

Pori likawa limekwisha kabisa. Watu walimaliza magome yao ya jabalini, matumbo yakaendelea kuwauma, vifua vikaendelea kubana, na chumba cha kukaushia cha kikundi, pale nyumbani kwa Mama Miche, kikapata wateja hadi barazani. Walisimama mchana kweupe, pamoja na fundi cherehani, wakasubiri kupimiwa majani ya shambani. Hakuna aliyesema neno juu ya mbuzi.

Siku moja mlango wa uani ukagongwa, kwa kidole, taratibu. Mama Miche alidhani ni wifi. Alikuwa Tabibu mwenyewe, amejifunika koti, mkoba wa baba chini ya kwapa.

"Mke wangu amegoma," alisema. "Anasema nijibebee mwenyewe. Nahitaji gome, dada, la matawi. Na kama utakuwa na nafasi, ulitie moshi hapa hapa, kama lile la siku ile. Ila ukoga, dada, tafadhali, usitumie wa pipa. Wa pipa una harufu ya bati. Sisi tunatumia wa mtoni."

Mama Miche alishika mwimo wa mlango. "Ulijua."

"Nilijua nilipolitia mdomoni. Mimi nisiijue kazi ya nyumbani kwangu?" Alicheka kidogo, akaona hachekwi naye, akaacha. "Nilikuwa naumwa, nikanywa. Nikapona. Sasa ulitaka niseme nini, kwamba Tabibu ameponywa na shamba la dada yake? Nani angenunua kwangu?"

"Ukawaonyesha mti wa baba."

"Nilidhani watachukua kidogo tu." Alitazama viatu vyake. "Niliwafundisha salamu."

Mama Miche alikuwa na matusi ya maisha mazima aliyoyaweka tayari kwa ajili ya mtu huyu. Aliyatafuta, akaona yote ni madogo. Alifungua mlango wa uani wote, na ule wa mbele, hadi watu wa barazani wakaona moja kwa moja mpaka nyuma.

"Mpisheni Tabibu!" aliita kwa sauti ya sokoni. "Anataka dawa ya nyuma ya choo. Mpeni gome safi lisilo na masizi, na akaliuze kwa jina lake hilo hilo."

Fundi cherehani alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake ambacho hakikuwemo. Tabibu alisimama uani, jasho likimtoka, akageuka upande ambao hakuna macho ya watu, na pale ndipo alipouona mti wa nyuma ya choo, mkubwa, mzima, na yale makovu mawili, la mashariki na la magharibi, yamefunga vizuri. Hakuna mti mwingine mkubwa kama ule uliokuwa umebaki. Akausogelea, akaugusa.

"Huu utazaa lini?" aliuliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kuuza kitu.

Mama Miche aliziangalia mvi za mdogo wake, akakumbuka zake. "Mimi nitajuaje? Mwenye salamu ni wewe. Uamkie, labda utakujibu."

Akavua kofia. Labda ni mazoea tu, labda hakujua la kufanya na mikono yake mbele ya watu wote wale. "Salamu, mkubwa," alisema. "Tumekuja kuomba," akasema, na hapo akanyamaza.